Fundi Miavuli Alikuwa Baba wa Nani?

"Binti wa dobi anaolewa na ndugu yake."

Ndivyo watu walivyokuwa wanasema, na dobi mwenyewe ni mimi. Sikuyasikia kwa adui. Niliyasikia kwa msusi wa mlango wa pili, aliyekuja kuchukua mashuka yake akakuta pasi yangu ina moto, na yeye ulimi wake una moto zaidi.

"Mimi sisemi," alisema, huku anasema. "Nimesikia tu nikiwa na kichwa cha mteja mikononi. Eti yule fundi umeme anayemwoa binti yako, na nyinyi, ni kitu kimoja. Babu mmoja."

"Babu yupi?"

"Jamani, dada! Si huyo wenu wa miavuli. Yule ambaye baba yako mdogo alimsifu siku ya utambulisho mpaka soda zikapata moto."

Nilimkunjia mashuka yake nikampa. Moja lilikuwa limeungua pindo wakati anaongea, na sikumwambia. Alistahili.

Lakini maneno yakabaki. Nikinyoosha kola, yapo. Nikinyunyiza maji kwenye suruali, yapo. Nilikunywa chai yakateremka nayo, na chai ilipofika tumboni yakapanda tena peke yake.

Kwa aliyeokota gazeti leo bila kusoma ya nyuma, ajue hivi. Nina binti mmoja, nimemlea kwa mvuke wa pasi. Kapata mchumba, kijana fundi umeme, mpole, anayevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Wiki iliyopita niliwaeleza jinsi koo zetu mbili zilivyokutana kutambulishana na jinsi nilivyofurahi kama mjinga. Harusi iko karibu, gauni limeshapimwa.

Kwao hawaozi damu kwa damu. Kwetu pia hawaozi, hata damu iwe imechuja kama majani ya chai yaliyochemshwa tangu asubuhi. Baba yake kijana alisema wazi siku ile: "Tukigundua undugu, hata wa mbali, tunarudisha viti tulikoviazima, na hakuna ugomvi."

Sasa nije kwa huyo babu. Baba mzazi wa baba yangu alikuwa fundi wa kutengeneza miavuli. Hakuna aliye hai anayejua alizaliwa wapi. Picha hakuacha, na kaburi lake kila ndugu analionyesha pahali pake. Alichoacha ni nyumba. Mbele naishi mimi na meza yangu ya pasi, nyuma wanaishi watoto wake waliobaki: shangazi yangu na baba yangu mdogo. Baba yangu mwenyewe, aliyekuwa mkubwa wao, amefariki siku nyingi.

Huyu baba mdogo tunamwita Wakili. Hajawahi kusoma sheria. Tunamwita hivyo kwa sababu hajawahi kukosa kesi na hajawahi kushinda hata moja.

Nilipokuwa mtoto, Wakili alisema babu alikuwa fundi miavuli. Nilipoingia shule, babu akawa mfanyabiashara wa miavuli. Mwaka nilioolewa, alikuwa na ghala. Siku ya utambulisho wa binti yangu, Wakili alisimama na soda mkononi, akakohoa, akawaambia wakwe kwamba sisi ni ukoo wa mwenye kiwanda cha miavuli. Marehemu wetu amepanda cheo kuliko ndugu wote walio hai.

Hapo ndipo bibi yake fundi umeme, mama mzazi wa mama yake, aliyekuwa kimya pembeni muda wote, akauliza taratibu: "Miavuli? Baba yangu mimi naye alikuwa wa miavuli."

Watu wakacheka, keki ikapita. Ila na msusi alikuwepo, na msusi hakucheka. Alihifadhi.

Nikasema, nitalimaliza mwenyewe. Shule yangu iliishia ya msingi, lakini kuuliza watu wangu babu yangu alikuwa nani kunahitaji chuo gani?

Nilianza na Wakili. Nilimkuta chumbani kwake anajipaka rangi ya viatu kwenye nywele, kwa sababu ya sherehe. Nisiongeze hapo.

"Baba mdogo, naomba unisaidie. Babu aliwahi kusafiri?"

"Babu?" Alinitazama kupitia kioo. "Mwenye kiwanda anasafiri aende wapi? Watu ndio walisafiri kumfuata. Yeye alikuwa ofisini asubuhi, ofisini jioni. Mrefu, mweupe, suti yake haina mkunjo."

"Ofisi hiyo ilikuwa wapi?"

"Ilibomolewa."

"Na kiwanda?"

"Kilibomolewa pamoja na ofisi. Vilikuwa vimeshikana. Mbona unaniuliza kama polisi?"

"Kwa sababu watu wanasema alizaa mji mwingine, na aliyezaliwa huko ndiye bibi yake mkwe wangu."

Akageuka. Nusu ya kichwa nyeusi, nusu mvi. "Mwanangu, baba yangu hakulala nje ya nyumba hii hata siku moja. Alikuwa mtu wa kazi. Kila mwavuli uliotoka alikuwa anaujaribu yeye mwenyewe. Anasimama chini yake na suti yake, anamwagiwa maji kutoka juu. Likipenya tone, mwavuli unarudi kiwandani. Mtu kama huyo ana nafasi ya wanawake?"

Nilitoka nimefurahi. Babu hakusafiri, basi hakuzaa nje. Nilifika mpaka mlangoni kwangu ndipo akili ikaniambia: mjinga wewe, umeamini habari za babu kutoka kwa mtu anayedanganya mpaka nywele zake.

Nikageuza njia nikaenda jikoni kwa shangazi.

Shangazi alikuwa anachambua maharage. Shangazi akichambua maharage anachambua na watu. Nilimwamkia, nikavuta kigoda, nikachota maharage yangu nianze kumsaidia, maana bila hivyo hafungui mdomo.

"Wakili anasema babu hakusafiri," nilianza.

Alicheka mpaka sinia likatikisika. "Hakusafiri! Huyo mdogo wangu angekuwa mwavuli, angevuja. Baba alikuwa mfupi, mweusi, na miguu yake ilikuwa haijui kukaa. Mvua zikianza tu, anafunga mzigo wa mbavu za miavuli na vitambaa, anaondoka, mji mpaka mji. Mama alikuwa akisema, mvua zikianza mimi ni mjane, zikikatika naolewa upya."

"Kwa hiyo hakukuwa na kiwanda."

"Kiwanda kilikuwa mama. Mwavuli ukitengenezwa, mama anapanda juu ya kiti na ndoo ya maji. Baba anasimama chini ameushika mwavuli wa mteja, amevaa shati lake zuri, lile moja. Mama anamwaga. Shati likilowa, mshono unafumuliwa. Kwa sababu hiyo wateja walimpenda. Na wanawake pia," akaongeza, akatupa jiwe dogo nje ya mlango. "Mwanamume mwenye shati kavu katikati ya mvua ni kitu."

Mkono wangu ukaganda ndani ya maharage. "Shangazi. Alizaa nje?"

"Nilikuwa namfuata? Lakini yule bibi aliposema baba yake wa miavuli, nilimtazama. Pua ile ni ya baba. Pua hii." Akashika yake.

"Mungu wangu. Kwa hiyo ni ndugu yako!"

"Wangu, ndiyo. Nani amesema wako?"

Nilimtazama. Naye alikuwa anatabasamu kama mtu aliyekaa na peremende mdomoni muda mrefu na sasa ameamua kuitafuna.

"Usikonde, mwanangu. Binti yako hana tone la damu ya fundi miavuli. Harusi iendelee."

"Unasema nini, shangazi?"

"Nasema ambayo tuliambiwa tusiseme. Mama alikuwa ameshaolewa mara moja na kufiwa kabla ya baba. Majirani wa zamani walikuwa wanasimulia, siku baba na mama wanaoana, baba yako tayari alikuwa anakimbiza kuku uani. Baba yako aliingia nyumba hii anatembea. Sasa hesabu mwenyewe. Ni mtoto wa mama na yule mume wa kwanza. Baba alimlea tu."

Sijui nilikaa vipi pale. Maana mtu akikunyang'anya babu, anakunyang'anya na jina la baba, na hadithi zote ulizomsimulia mtoto wako. Na shangazi alikuwa anaendelea kuchambua. Hili jiwe, hili haragwe.

Kisha akasema, kwa sauti ya huruma kabisa: "Bila shaka kile chumba cha mbele itabidi tukiongelee. Mwanangu anatafuta pahali pa kufungua duka la kinyozi. Lakini hilo baada ya harusi."

Ahaa.

Kumbe! Huyu naye ana babu wake. Wakili ana babu wa kujionyesha, shangazi ana babu wa kunifukuza. Kila mmoja kamshona marehemu kwa kipimo chake, na mimi ndiye niliyeachwa uchi.

Nilimwita Wakili palepale. Alikuja na kichwa chake cha nusu kwa nusu. Nikamwambia shangazi arudie. Akarudia, bila haya.

"Uongo!" Wakili alipiga meza. "Kaka alizaliwa ndani ya nyumba hii. Nilikuwepo!"

"Ulikuwepo?" shangazi alimuuliza. "Wewe uliyezaliwa mwisho?"

"Nilisikia!"

"Ulisikia kutoka wapi, tumboni? Na ulipokuwa huko tumboni ulikiona kiwanda?"

"Kiwanda nisikitaje? Unataka niwaambie wakwe kwamba baba yetu alikuwa anapita mitaani anapiga kelele, miavuli, miavuli?"

"Ndivyo alivyofanya, na ndivyo ulivyokula!"

"Wewe una wivu tu kwa sababu baba alinipenda mimi."

"Baba alikuwa hakukumbuki. Akirudi safari anauliza, huyu naye ni wa nani?"

Wazee hao, jamani. Mmoja ana bawasiri, mwingine ana presha, na wanagombania mapenzi ya mtu aliyekufa. Nikawauliza swali moja tu: mko tayari kuja kusema hayo mbele ya wakwe? Wakili akasema kiwanda atakitaja, hayo mengine hayajui. Shangazi akasema atakuja, mradi kwanza chumba kiongelewe. Nikawaacha na maharage yao.

Sasa mama mwenzangu unayesoma, jiweke mahali pangu. Shangazi akiwa mwongo, binti yangu anaolewa na mjukuu wa shangazi yangu mwingine, na harusi imekufa. Shangazi akiwa mkweli, mimi si wa ukoo ule, meza yangu ya pasi inatupwa nje, lakini mtoto wangu anaolewa.

Nilichagua. Haikunichukua muda. Nilikubali kuwa mjukuu wa marehemu mume wa kwanza ambaye hata shangazi hamjui sura. Chumba nitapanga kwingine. Pasi inabebeka. Nikafunga duka, nikabadili kanga, nikaenda kwa bibi yake fundi umeme kumpelekea habari njema. Ndiyo, nilijiona nina akili kuliko wote.

Nyumba yao iko nyuma ya karakana ya mwanawe wa kiume, unapita katikati ya matairi. Bibi alikuwa chumbani kwake, anatembea kutoka kitandani mpaka dirishani na kurudi, amevaa viatu vipya juu ya soksi nene.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo kitini. Usinitazame miguu, navipanua. Nimenunuliwa vya harusi, vinaniuma kama vina kisasi na mimi."

Nilikaa. Nilimpa pole ya viatu, nikamuuliza afya, nikauliza ya karakana. Halafu nikaingia.

"Bibi, nimekuja kwa lile neno la miavuli. Watu wanasema."

"Nimewasikia." Hakusimama, aliendelea kutembea. "Na mimi nilitaka kuja kwako, miguu ndiyo ilinizuia."

"Baba yako, alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mtamu wa maneno. Kwetu alikuwa anakuja na mvua na kuondoka nayo. Anafika na mzigo wake wa mbavu za miavuli, mtaa mzima unamletea iliyovunjika. Mama alikuwa anapanda kwenye kiti na ndoo..."

"Na yeye anasimama chini na shati zuri," nilimalizia.

Hapo akasimama.

"Umejuaje?"

"Ndiye, bibi. Ndiye yule yule. Hakuna mafundi wawili wenye kichaa kimoja." Niliona macho yake yanaanza kujaa, nikaharakisha. "Lakini usiogope! Ndiyo maana nimekuja. Sisi si damu yake. Nimeambiwa leo na shangazi yangu mwenyewe, na ameniambia kwa ubaya, kwa hiyo ni kweli. Baba yangu hakuzaliwa na fundi miavuli. Siku fundi anafunga ndoa na bibi yangu, baba yangu alikuwa ameshakua, anakimbiza kuku. Aliingia nyumba ile anatembea. Bibi yangu alikuwa mjane, alikuja naye."

Nilitabasamu. Nilingoja aseme, mwanangu umetuokoa.

Bibi akakaa kitandani polepole, kama mtu aliyebeba maji.

"Alikuja na bibi yako," alisema, "au alikuja na fundi?"

"Alikuja na bibi yangu. Shangazi..."

"Shangazi yako alimwona akija?"

"Hakuwa amezaliwa."

"Basi nani alimwona?"

Majirani waliona mtoto na kuku. Hayo mengine shangazi alijumlisha mwenyewe, kwa hesabu za mtu anayetaka chumba.

"Mwanangu," bibi akasema, "mimi nilikuwa na mdogo wangu wa kiume. Tumbo moja, baba mmoja. Nilikuwa nambeba mgongoni, alikuwa mzito. Mwaka mmoja mvua zilipokatika, baba alimshika mkono akasema anampeleka dukani kumnunulia viatu. Mama aliwasindikiza mpaka kona. Hawakurudi. Si baba, si mtoto. Mama yangu amekufa anauliza duka gani hilo."

Nje mtu alikuwa anagonga chuma kwa nyundo. Kila pigo liliniingia mbavuni.

Niliyaelewa yote kwa pamoja, na ningefurahi kama ningebaki mjinga kidogo. Fundi ndiye aliyekuja harusini na mtoto wake. Bibi yangu mjane hakuja na mtu. Kama ni hivyo, baba yangu na huyu bibi mbele yangu si kwamba wamechangia baba wa njiani. Wamelala tumbo moja. Nilitoka nyumbani kuukata undugu, na nimeukaza kwa mikono yangu.

"Watoto wengi hupotea, bibi," nilisema.

"Wengi. Ndiyo maana nataka nikuulize kitu kimoja tu, halafu nisikuulize tena." Akanisogelea mpaka magoti yetu yakagusana. "Mdogo wangu alikuwa hali mbele ya watu. Ukimpa chakula, anageuka ukutani, anawapa mgongo, ndipo anakula. Umpige, umbembeleze, hageuki. Mama alisema ataacha akikua. Baba yako alikuwa anakula vipi?"

Wasomaji, ukuta wa jikoni kwetu una alama. Rangi imebanduka pale baba yangu alipokuwa akiegemeza paji la uso, sahani magotini, mgongo kwetu sote, tangu nimepata akili mpaka tunamzika. Wageni walidhani amenuna. Mama alikuwa anampitishia mchuzi juu ya bega.

Bibi alikuwa ananitazama mdomoni kama mtoto anayengoja kutafuniwa.

Nikamfikiria binti yangu kwenye gauni lile, fundi cherehani akiwa na pini mdomoni anamwambia asipumue. Nikawafikiria wale watu wanarudisha viti.

"Hapana, bibi," nilisema. "Baba yangu alikula mezani, katikati ya watu."

"Mezani?"

"Mezani, tena kwa kelele. Alikuwa mchangamfu sana akila. Anasimulia, anacheka, anawalisha watoto wa majirani. Watu walikuwa wanakuja kumtazama akila."

Yalinitoka bila kukwama hata neno. Wakili mwenyewe angenipigia makofi. Meza nilimpa baba yangu, na majirani nikamwongezea. Kama bibi angenipa nafasi kidogo, ningemjengea hoteli.

Bibi hakunipa nafasi. Alitazama chini. Alianza kuvua kiatu kimoja, taratibu, kwa kidole.

"Basi si yeye," alisema. "Nilivaa hivi kwa furaha, mwanangu, si kwa harusi tu. Tangu siku ile nasema, huenda Mungu ameniletea mtoto wa mdogo wangu mlangoni. Basi si yeye. Tuendelee na shughuli."

Nilitaka kumshika mkono. Sikumshika. Nilikuwa tayari nimepata nilichokuja kukitafuta.

"Hodi!"

Sauti hiyo naijua. Ilitoka nyuma yangu, na pazia lilikuwa limeshasogezwa, na mtu hapigi hodi akiwa ameshaingia isipokuwa amesimama pale kitambo. Binti yangu. Nyuma yake fundi umeme, viatu mkononi, amekumbatia mfuko wa kadi za mwaliko.

Alikuwa anacheka. Mtoto wangu hana baya, kicheko chake kiko karibu siku zote.

"Mama, wewe! Mchangamfu akila, nani, babu? Si babu huyu aliyekuwa anakula ameelekea ukuta? Mbona ulikuwa unaniigizia nikikataa uji, unageuka hivi, unakula kama babu, mpaka nacheka namaliza bakuli!"

Akageuka kweli. Akasimama pale pale akawapa watu mgongo, akajikunja juu ya sahani isiyokuwepo, paji la uso likagusa ukuta wa bibi.

Fundi umeme alicheka.

Bibi alikuwa na kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi. Aliinuka hivyo hivyo, akachechemea mpaka alipo binti yangu, akaweka kiganja chake mgongoni kwake, akamwambia kwa upole:

"Rudia, mjukuu wangu. Rudia hivyo hivyo, na usigeuke."

Ya kuepuka, mama mwenye binti, ni haya:

Usiwaache ndugu wampandishe cheo marehemu. Kama alipita mitaani akipiga kelele, basi alipita mitaani.

Usimpe nafasi ya kuongea siku ya utambulisho mtu anayependa kusikika. Mpe kazi ya kugawa soda.

Usiulize habari za ukoo kwa mtu anayetamani chumba chako.

Usimpelekee mkwe habari njema ambayo hujaigeuza ukaitazama na upande wa nyuma.

Usimnyime mzee ndugu yake ukadhani umempa mtoto wako mume.

Na usiseme uongo ukiwa umeupa mlango mgongo.